Ukurasa wa Matapeli

Mimi ni mtu wa kushuku. Nalisema mapema ili nisionekane nimelificha. Nikinunua maharage Tengeru naingiza mkono mpaka chini ya gunia, kwa sababu kwa juu kila muuzaji ni mwaminifu. Nikipewa chenji naihesabu mara mbili, ya pili nikiwa bado nimesimama mbele ya aliyenipa. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba nikifika mbinguni nitaomba kwanza kuona kitambulisho cha malaika wa mlangoni. Nilikuwa nikimjibu kwamba si kila aliyevaa kanzu nyeupe ni malaika, na yeye alikuwa akicheka hadi chai inamwagika.

Kushuku kwangu kuna asili yake. Miaka kadhaa iliyopita, kikundi chetu cha akina mama wafugaji hapa Akheri kiliamua kujenga kibanda cha kukusanyia maziwa. Tuko ishirini na wawili, kila mmoja na ng'ombe wake wawili watatu wa zizini, na mhazini nilikuwa mimi kama nilivyo hadi leo. Fundi alikuja amevaa suruali safi, akapima, akaandika, akaomba nusu ya hela ya vifaa. Nikampa. Akaleta lori moja la mawe, akachimba msingi upande mmoja, na hatukumwona tena. Mawe bado yapo pale pale, na kuku wa jirani wanataga katikati yake. Hakuna aliyewahi kuniambia usoni kwamba nilikula na yule fundi. Lakini kwa miezi mingi, nikitoka kanisani, nilikuwa nikikuta mazungumzo ya wenzangu yanageuka ghafla kuwa habari za mvua. Iliniuma sana. Nikajiapiza kwamba jina langu halitachafuka mara ya pili.

Tangu hapo nikawa nafuata sheria ambayo kila aliyejenga hapa kwetu anaijua. Fundi hapewi hela ya vifaa. Saruji unainunua mwenyewe, mifuko unaihesabu mwenyewe jioni, na mchana unaweka kigoda chako pale pale kwenye kiwanja, unakaa unamtazama. Akimaliza unamlipa, unamshukuru, unampa na mkungu wa ndizi apelekee watoto. Kisha kabla hajafika barabarani unabadilisha kufuli, maana funguo za zamani anazo.

Wazo la programu ya simu lililetwa na mwenyekiti wetu, muuguzi mstaafu, mama mpole ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti. Tatizo alilolisema lilikuwa la kweli. Kila alfajiri pikipiki yetu ilikuwa ikishuka mjini na madumu ya maziwa, ikizunguka Njiro, Kijenge na Sakina bila kujua nani leo anataka na nani hataki. Huyu amesafiri, yule ana wageni anataka lita kumi na wewe umebakiwa na mbili. Saa sita mchana maziwa yanarudi mlimani yameanza kuganda, na mwisho wa wiki kila nyumba inakula loshoro, yale mahindi na maziwa ya mgando, mpaka watoto wanakimbia sahani. Mwenyekiti alikuwa amesikia habari za mtu mmoja mjini aliyemtengenezea muuza mboga programu. Mteja anaagiza jioni kwa simu yake, na asubuhi unajua lita ngapi ziende wapi.

Tulikuwa na milioni tisa, akiba ya miaka mitatu, za kununulia tangi la kupozea. Mwenyekiti akasema tukiacha kumwaga maziwa, mauzo yenyewe yatalinunua tangi. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Niliuliza kitu kimoja tu: hiyo programu, fundi akitukimbia, tutaishika wapi? Mawe angalau unaweza kuyakalia. Wakaendelea kupanga, nami nikaona wazi kwamba kazi ya kuzilinda milioni tisa nimeachiwa peke yangu.

Mtu mwenyewe alipanda Akheri Jumamosi moja. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, ana mke na mtoto, ana ofisi Ngarenaro, ghorofani, juu ya duka la vipuri. Alinisalimia shikamoo vizuri, akakaa barazani kwangu, akanieleza kwamba wao katika kazi yao wanaitwa madevelopa. Nikamwambia sawa, fundi. Suruali yake ilikuwa safi, na hilo nililiona kabla ya yote.

Akatoa karatasi ya bajeti. Jumla ilikuwa milioni saba na laki mbili. Nikavaa miwani, tukaanza mstari kwa mstari, na chai yake ikapoa. Kuchora na kupanga, laki tisa. Nikamuuliza kuchora nini, akasema kuchora programu kabla ya kuitengeneza. Hilo nikaliacha, maana hata nyumba ina ramani. Kutengeneza, milioni tatu na laki nane. Hapo nikakohoa, lakini nikapita. Majaribio, laki saba. Nikamwambia mimi nikishona gauni, mteja halipii kulijaribu. Akacheka kidogo, akaeleza kwamba majaribio ni kukaa na wateja na akina mama wote, wenye simu janja na wenye simu za tochi, mpaka kila mmoja aweze. Nikaliacha kwa shingo upande.

Kilichoniamsha ni mistari mitatu ya mwisho. Mafunzo kwa watu wawili watakaoshika mfumo, laki nne. Matengenezo ya mwaka wa kwanza, laki nane. Dharura, laki sita. Nikavua miwani nikamtazama. Fundi anayedai hela ya kuziba nyufa kabla hajainua ukuta, huyo anajua ukuta wake utapasuka. Na dharura ni nini? Dharura ya nani? Kwa macho yangu, hiyo milioni moja na laki nane ilikuwa ndiyo mke na mtoto, pango la ofisi na nyama choma ya Ijumaa. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaifuta mistari yote mitatu mbele yake.

Hakubishana. Aliivuta karatasi upande wake, akasema, "Mama, programu nyingi hazifi wakati wa kujengwa. Zinafia kwenye hiyo mistari uliyoifuta."

Nilisikia kitisho. Leo nikiyakumbuka maneno hayo hayana kitisho hata kidogo, lakini siku ile nilimwona kama mtu anayeniambia nisipolipa ulinzi nitaibiwa. Nikamwambia tutakufa nayo. Tukakubaliana milioni tano na laki nne.

Likabaki suala la vifaa, nikauliza vifaa ni vipi ili nikavinunue mwenyewe. Akasema kifaa kikubwa ni seva. Akanieleza kwa subira kwamba ni kama chumba cha kupanga, ambamo programu inalala na orodha ya wateja inatunzwa, nacho kina kodi. Nikauliza kiko wapi. Akasema Ulaya. Nikauliza mwenye nyumba ni nani. Akasema kampuni, ila hapa nchini ina wakala wake, na kulipia unalipia kwa simu. Kodi ya mwaka mzima ina nafuu, akasema. Nikamwambia hakuna Mmeru mwenye akili anayelipa kodi ya mwaka kwa chumba cha Ulaya asichowahi hata kuchungulia dirishani. Tukaenda naye mjini kwa wakala wa fedha, nikalipia miezi mitatu kwa mkono wangu, na kila kitu kikaandikwa kwa jina langu na namba yangu ya simu. Mwenyekiti alipendekeza iwekwe namba ya pili, yake, endapo mimi ningeugua. Nilimuuliza kama ananiombea ugonjwa.

Kisha nikaenda kukaa kwenye kigoda. Siku tatu mfululizo nilipanda ghorofani Ngarenaro na sweta langu la kufuma, nikakaa kwenye kiti karibu na mlango, nikamtazama akifanya kazi. Siku ya kwanza hakugusa kompyuta. Alichora visanduku kwenye karatasi, akavibandika ukutani, akavibandua, akavibandika tena. Siku ya pili vilevile. Nikarudi Akheri nikawaambia wenzangu kwamba fundi wetu anacheza na gundi. Siku ya tatu aligeuka akaniuliza: asubuhi maziwa yakifika, nani anaandika kwanza, anayemimina au anayepokea? Nilimtazama kwa jicho la pembeni nikijiuliza anataka hiyo habari ya nini. Alininunulia chai na chapati mbili. Nilizila, kisha nikaacha hela yake mezani.

Kazi ilikamilika katika miezi miwili, na lazima niseme ukweli, ilikuwa nzuri. Jioni simu yangu ilikuwa inalia: lita tatu Njiro, lita moja Sakina, lita tano Kijenge kuna ubatizo. Akina mama wenye simu za tochi walikuwa wanapata meseji ya kawaida, lete lita saba, lete lita nne. Pikipiki ikawa inarudi na madumu matupu. Wateja wakafika karibu mia mbili. Jirani yangu, mjane kama mimi, ambaye alikuwa anamwaga kuliko sisi wote kwa kuwa ng'ombe wake anakamuliwa mapema mno, aliezeka zizi lake upya mwezi ule ule. Nilifurahi. Lakini furaha yangu nayo nilikuwa naichungulia chini kama gunia la maharage, kwa sababu hata yule fundi wa mawe alianza vizuri.

Siku ya kumlipa mwisho nilikwenda na karatasi nne, nikamtaka asaini zote na kuweka dole gumba. Yeye alinikabidhi maneno ya siri yameandikwa kwenye kikaratasi, wala hakuomba chochote. Nikamuuliza kama hataki nisaini kwamba nimeyapokea.

"Mama, mimi na wewe tuandikiane nini?" akasema. "Nakuamini."

Nikajiambia huyu ni mjanja kuliko nilivyodhani. Nikampa mkungu wake wa ndizi. Jioni ile ile, kwa namna aliyonionyesha yeye mwenyewe, nikabadilisha maneno ya siri yote. Ilinichukua saa nzima na nusu, na nilipomaliza nililala vizuri kuliko nilivyolala kwa miezi mingi.

Kama wiki tatu baadaye akanipigia simu. Akanisalimia, akaniulizia ng'ombe, kisha akafika alikokuwa anakwenda.

"Nakukumbusha tu ile kodi ya seva, mama. Inaisha wiki ijayo. Watakutumia meseji yenye namba ya kulipia."

"Kwa hiyo nikiona meseji imeandikwa lipa kwa namba hii, nilipe?"

"Ndiyo, mama."

"Hata wale matapeli wa ile hela tuma kwenye namba hii, ndivyo wanavyosema."

"Mama, mimi nilishalipwa. Hakuna ninachokuomba."

"Basi usipige."

"Sawa, mama. Sitapiga tena."

Nikakata, nikaifungia namba yake isinifikie, nikaenda kukata majani ya ng'ombe nikiwa nimejawa na ushindi. Nilijiona nimemnasa mkono ukiwa mfukoni mwangu.

Hapa sina budi kueleza habari ya daftari. Daftari la maziwa nalishika mimi, na kwenye ukurasa wake wa mwisho nilikuwa nimeandika kichwa cha habari kwa herufi kubwa: MATAPELI. Kila meseji ya uongo iliyoingia kwenye simu yangu nilikuwa nainakili pale na tarehe yake, ili siku polisi wakihitaji ushahidi wasihangaike. Pembeni nilikuwa naweka maoni yangu. Ukurasa ule nilikuwa najivunia kuliko kurasa zote.

Alhamisi moja kulikucha bila agizo hata moja la jioni iliyotangulia. Hakuna lita Njiro, hakuna lita Kijenge. Nikifungua programu, naona weupe mtupu. Pikipiki ikashuka na maziwa kwa kubahatisha, ikarudi nayo karibu yote, na Ijumaa vilevile. Namba za wateja zilikuwa mle mle ndani ya programu, hatukuwa nazo mahali pengine popote. Jirani yangu alimwaga lita kumi na nane kwa siku mbili, akaja kunionyesha dumu tupu kana kwamba nililinywa mimi. Mimi sikuwa na wasiwasi kuhusu sababu. Nilipita nyumba kwa nyumba nikieleza kwamba fundi alikuwa na funguo ya pili ya siri, kwamba ametufungia ili tukamlambe miguu na zile laki nane zake za matengenezo. Walipouliza kama nimempigia, nilisema mwizi hapigiwi simu kuulizwa kama ameiba.

Jumapili baada ya ibada tukakutana kwenye yale mawe, maana ndiyo faida pekee tuliyowahi kupata kwayo, yanatosha kukaliwa na watu wote. Nikasimama nikahutubia. Nikasema kikulacho ki nguoni mwako. Nikasema kesho naenda polisi na karatasi nne zenye dole gumba lake. Nilisema vizuri, na nilisikia wenzangu wakiguna pale nilipotaka wagune.

Mwenyekiti akaniacha nimalize. Kisha akasema kwamba jana yeye alimpigia yule fundi. Fundi amemjibu kwamba hana funguo hata moja, mhazini alizibadilisha zote, ila tuulizane kama kodi ya seva ililipwa. Akaniomba simu yangu aangalie meseji. Nikamwambia kwa kiburi kwamba meseji za maana ziko kwenye simu, na za matapeli zote zimenakiliwa, na nikamfungulia daftari mwenyewe. Nilitaka waone jinsi ninavyowalinda.

Akavaa miwani, akasoma kwa sauti kama alivyokuwa akisoma kadi za wagonjwa, bila kupandisha wala kushusha. Mtoto wako ameanguka shuleni tuma hela ya matibabu. Pembeni: Sina mtoto shuleni. Mganga kutoka mbali anatoa utajiri bila masharti. Pembeni: Ajitajirishe yeye. Wenzangu wakacheka. Akaendelea. "Ndugu mteja, kodi ya seva yako itaisha baada ya siku saba. Lipa kuepuka usumbufu." Pembeni: Muongo. "Ndugu mteja, zimebaki siku tatu." Pembeni: Muongo huyu huyu. "Ndugu mteja, huduma yako inasitishwa leo." Pembeni: Hachoki.

Kicheko kilikuwa bado kipo kwenye midomo yao, lakini hakikutoka. Nilisikia kuku akitetea mahali fulani nyuma yangu. Aibu niliyoipata siku ile sijawahi kuipata, hata siku ya mawe, kwa sababu siku ya mawe nilikuwa nimeibiwa. Nikasema, "Ni mimi."

Jirani yangu ndiye aliyeanza. "Afadhali ungekula hela," akasema taratibu. "Tungejua la kukwambia."

Jumatatu niliuza ndama wangu dume kwa mchinjaji wa kwanza aliyekuja, bila kubishana bei, jambo ambalo yeye mwenyewe lilimtia shaka. Nikapanda ghorofani Ngarenaro. Fundi alikuwepo, visanduku vya mtu mwingine viko ukutani. Nikamweleza yote bila kupunguza, mpaka maneno ya pembeni. Hakucheka. Aliniuliza tu huduma ilikatwa lini, akahesabu kwa vidole.

"Wanafuta kila kitu siku ya saba," akasema. "Leo ni ya tano."

Nikalipa kodi ya mwaka mzima pale pale, kwa hela ya ndama. Akafanya kazi kama nusu saa, mimi nimekaa kwenye kile kiti cha mlangoni, safari hii bila sweta, nikiangalia sakafu. Halafu simu yangu ikalia mkononi. Lita mbili, Kijenge. Nilishindwa kujizuia, nikalia mbele yake. Akanisogezea chai. Niliinywa, wala sikuacha hela mezani.

Nikamwambia maneno ya siri mapya awe nayo na yeye. Nikamwambia, "Baki na funguo moja, mwanangu. Na namba ya mwenyekiti iongeze." Nilimaanisha. Nadhani lilikuwa neno gumu kuliko yote niliyowahi kumwambia fundi yeyote.

Akafungua droo, akatoa karatasi mbili zilizopigwa chapa na kidau cha wino. Akaniomba nisaini hapa, kwamba nimeyapokea maneno ya siri, na hapa, kwamba yeye akibaki na funguo ni kwa ombi langu. Na dole gumba kote kuwili.

Nikamuuliza kama siku hizi anawasainisha wateja wote.

"Wote, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu wewe."

Hakusema kwa ubaya. Nikachovya dole gumba, nikabonyeza kote kuwili, nikafuta wino kwenye kanga. Akazichukua karatasi, akazisoma mara mbili, ya pili nikiwa bado nimesimama mbele yake.